Zimwi Linalokula Majina

"Mtu mzima na akili zake anakaa kuangalia katuni!"

Maneno hayo nimeambiwa na shangazi yangu, na fundi pikipiki, na mwalimu wa shule ya Jumapili, na mwanamume mmoja aliyebakiza kidogo tu awe mume wangu. Wote nimewajibu vilevile: kaa uangalie moja, ukinyanyuka kabla haijaisha, chai na chapati ni juu yangu. Sijawahi kuitoa hiyo chapati. Shangazi alikaa mpaka maharage yake yakaungua nyumbani, na bado ananiambia ni mambo ya kitoto.

Mimi ndiye ninayetafsiri. Ukishuka Nyakanazi, pale malori yanapojipanga, haya ya Rusumo, haya ya Kahama, yale ya Kigoma, pita nyuma ya wachoma mahindi utaona kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, cha mabati ya bluu. Ukisikia sauti ya mwanamke inafoka kwenye spika, "Chomoa upanga, unasubiri nini, mvua?", ujue ni mimi. Wajapani wanaongea chao kwenye runinga, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, mimi nayageuza Kiswahili papo hapo. Yakipita haraka mno, natunga. Ndiyo, natunga. Asiyependa akajifunze Kijapani.

Sikuja Nyakanazi kwa kazi hiyo. Nilitoka kwetu Murusagamba nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nikaja kukaanga chapati kwenye jiko la mama mwenye banda. Huyo ni mjane wa Kiislamu, mzaliwa wa Biharamulo mjini, wa zile familia za biashara ambazo babu zao walitoka pwani na hawajaacha kuwakumbusha watu. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kanga iliyotoka kupigwa pasi, na changu kilimkera. "Sema kulala, usiseme kurara," ananiambia, mkono uko kwenye mafuta ya sambusa. "Unanichosha, mwanangu." Nikawa nalala kwa Kiswahili chake mchana, usiku narara kwa kwetu.

Jiko letu lilikuwa limeegemea ukuta wa banda, na ule ukuta ulikuwa na pengo. Hapo kwenye pengo ndipo nilipoiona ile katuni.

Ilikuwa ya Japani ya zamani zile, ya mabwana wenye ngome na masamurai wao. Samurai ni askari wa bwana. Anakula kwa bwana, anapigana kwa ajili ya bwana, na bwana akifa yeye akabaki hai, anakuwa mtu asiye na kwao. Huyu wetu hakuwa na kwao. Anatembea na upanga wenye pengo na kofia ya majani, theluji inamwagikia, kila kijiji wanamuuliza umetoka wapi, na kila kijiji wanamwonyesha kisima wanamwambia kunywa maji uende zako. Mimi nakanda unga huku nalia. Bi Mkubwa akaniuliza nalia nini, nikamwambia moshi.

Sasa, kwenye nchi ile kulikuwa na zimwi. Zimwi lenyewe halikuwa na haja ya nyama. Lilikula majina. Linakuja limevaa kinyago cheupe, sauti ya upole, linakuuliza, "Wewe ni nani?" Ukisita, limekula. Mwenzako akikusemea, akasema huyu ni fulani wa fulani, limekula vilevile, tena kwa raha zaidi. Hufi. Unabaki mzima, unalima, unakula, ila mama yako mzazi akikutana nawe njiani anakupita. Dawa yake ni moja: simama, ujitaje mwenyewe kwa mdomo wako, wewe na waliokuzaa, bila kusita. Ukimaliza ndipo mnapigana.

Dijei aliyekuwa anatafsiri wakati huo alikuwa jamaa mmoja kutoka Kahama, mtu wa kuvaa miwani ya jua ndani ya giza. Kila samurai akisimama kujitaja, yeye anaweka utani. "Mimi ni mume wa dada yenu, nipisheni!" Banda zima linacheka. Mimi kule jikoni damu inanichemka. Mtu anajitaja kabla ya kufa, wewe unamletea ushemeji? Nikawa namsahihisha kwa midomo bila sauti.

Jumamosi moja mchana, banda limejaa mpaka wengine wamesimama, sehemu ya pili imeshaanza, dijei akaona lori la rafiki yake linaondoka. Akaweka maiki juu ya spika, akapunga mkono, akadandia. Mpaka leo hajarudi. Watu wakaanza kupiga mabati kwa ngumi.

Bi Mkubwa hakuacha hata kugeuza sambusa. Alinitazama tu. "We mtoto, si ndiye unayejua kila kitu? Midomo inakucheza kila siku, unadhani sikuoni. Haya, ingia."

"Bi Mkubwa, mimi mwanamke."

"Kwani maiki ina ndevu?"

Nikaingia na unga mikononi. Mama yangu, zile kelele! "Mwanamke tena!" "Tumekwisha!" Mmoja akaniagiza chapati mbili na chai ya rangi. Sauti ikanitoka nyembamba kama ya kifaranga. Kwenye runinga ikatokea ile ngome, nami neno ngome likanikimbia, nikasema, "Bwana mkubwa anakaa hapa kwenye boma."

Kwetu sisi boma ni moja, lile la Wajerumani pale Biharamulo. Dereva mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Boma la Biharamulo?"

Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mbishi. "Ndiyo," nikasema, "hilohilo."

Wakacheka, lakini kicheko cha kukaa vizuri kwenye benchi. Tangu siku hiyo bwana wa Japani anaishi Biharamulo. Theluji ikidondoka inadondoka Biharamulo, na hakuna anayebisha. Hadi leo wapo madereva wanaonipigia honi wakitokea huko wananiambia wamepita kwa bwana, hajambo, anawasalimu.

Halafu zimwi likaja. Samurai wetu yuko katikati ya daraja la mbao, maji meusi chini, kinyago cheupe mbele yake. "Wewe ni nani?" Maandishi ya Kiingereza yalikuwa makavu, mstari mmoja tu, mimi ni fulani mwana wa fulani. Nikaona nikisema hivyo nimemuua. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya babu yangu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa kwivuga. Mwanamume anasimama mbele ya watu, kwenye harusi hasa, anashika fimbo kama mkuki, anajitaja na kujisifu kwa pumzi ndefu, yeye na baba zake, ng'ombe zao na ujasiri wao, na wanaomsikiliza wanamwitikia "Ego!", yaani ndiyo. Kwivuga ni kwa wanaume. Babu yangu mzaa baba ndiye alikuwa amebaki anakijua sawasawa pande zetu, na jioni alikuwa anawafundisha kaka zangu sebuleni. Wao wanapiga miayo. Mimi niko jikoni namenya ndizi, ukuta wa udongo katikati yetu, na kila neno linaniingia. Hakuna aliyenifundisha. Hakuna aliyenikataza pia, maana nani angewaza?

Basi pale Nyakanazi, kwenye maiki, kwa niaba ya Mjapani aliyechorwa, nikasema:

"Mimi ndiye nisiyeomba njia, mwana wa asiyeulizwa anakokwenda! Nilivuka mto maji yakinifika kidevuni, mkuki sikuulowesha! Walioachwa ng'ambo wakasema amezama, wakaona moto nimeshauwasha upande wa pili! Niambie wewe, mwenye uso wa kuazima, unaniuliza mimi ni nani?"

Nilisikia mafuta ya Bi Mkubwa yakichemka nje. Kisha mzee mmoja wa benchi la mbele, mpakia mizigo, akasema taratibu, "Ego." Halafu wakaitikia wote, Wahangaza na Warundi kwa kujua, Wasukuma kwa kufuata mkumbo, na upanga ulipochomolewa mabati yalipigwa kwa furaha safari hii. Sijawahi kufurahi namna ile maishani mwangu, na sioni aibu kusema.

Habari ikanitangulia nyumbani. Nilipokwenda Murusagamba wakati wa kupanda maharage, barabara imetutikisa mpaka meno, nilimkuta babu amekaa kwenye kigoda chake anakata kamba ya mbuzi.

"Shikamoo, babu."

Akaendelea kukata kamba. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti.

Akamwambia mbuzi, "Huyu mwanamume aliyekuja hapa anamtafuta nani?"

Babu yangu huyo si mzee wa busara wa kwenye vitabu vya shule. Ni mgomvi, ana wivu na rubisi yake, ile pombe ya ndizi, na akikasirika anaongea na mifugo. Siku hiyo mbuzi aliambiwa mengi. Aliambiwa kwamba kuna mtu amevaa suruali ya babu yake amesimama nayo barabarani. Mimi nimesimama na mfuko wa sukari niliomletea, hapokei. Marahaba yake sikuipata siku hiyo wala siku ya kuondoka.

Mama alinifafanulia jikoni, akinong'ona. Kumbe suruali ilikuwa nusu ya hasira. Nusu ya pili ilikuwa mto.

"Ule mto hautajwi nje," mama akasema. "Umewahi kumsikia akiutaja harusini? Harusini anataja ng'ombe, anataja mvua. Mto anautaja ndani ya nyumba hii tu, kwa kaka zako, na amewaonya. Wewe umeutaja kwenye spika, Nyakanazi, mbele ya nchi nzima."

Nikaelewa, na hasira ikanipanda hapohapo. Familia yetu ilitoka Burundi zamani, babu akiwa mtoto. Kila ofisi ukifika unaulizwa ninyi asili yenu wapi, na babu ametufundisha sote jibu moja: hapahapa. Na ni kweli, ni wa hapahapa. Migomba yake iko hapa, makaburi yake yako hapa, mimi nimezaliwa hapa nikaimba wimbo wa taifa kila asubuhi kwenye baridi ya hapa. Lakini kuna la ndani na kuna la nje, na kaka zangu waliambiwa lipi ni lipi. Mimi sikuambiwa kwa sababu nilikuwa sifundishwi! Nimesikilizia ukutani kama mwizi, nimekipata chote, wao wamekisahau chote, halafu mwenye kosa niwe mimi? Thubutu.

"Mwombe radhi," mama akasema.

"Aanze yeye kuitikia shikamoo yangu."

Mama akaziba uso kwa kanga. Nilimhurumia, lakini neno sikulirudisha.

Nikarudi Nyakanazi nikaendelea na maiki. Misimu ya maharage ikapita. Kila nikienda nyumbani namwamkia babu, kila mara anaongea na mbuzi. Namwamkia tu. Nilijiapiza kwamba atachoka yeye kabla yangu.

Ndipo akaja mwalimu. Alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Biharamulo, akapita Nyakanazi akisubiri basi, akasikia mwanamke anagombana na zimwi, akaingia. Basi likamwacha. Wiki iliyofuata akaja tena, basi likamwacha kwa makusudi. Alikuwa na kicheko cha polepole na mikono misafi, na alinisikiliza nikiongea kama vile nami niko kwenye runinga. Nilimpenda. Sifichi, nilimpenda sana. Ndiye aliyeniambia yale ya mtu mzima na katuni, lakini aliyasema akiwa ameshaangalia tatu.

Akasema atatuma wazee nyumbani. Akasema pia, akikwaruza udongo kwa ncha ya kiatu, kwamba baba yake ameulizia ile kazi ya spika. "Mambo ya wazee tu. Siku hiyo wewe itikia, baadaye tutaona." Baba yangu naye akanipigia simu akaniambia hivyohivyo: ukiulizwa, sema ndiyo. Mmoja mmoja, wote wakaniambia itikia. Hata Bi Mkubwa nilimtegemea aseme jambo, akaniambia tu, "Mume si sambusa, mwanangu, simwonji mimi nikakwambia yuko sawa. Ila maiki yako naiweka kabatini, simpi mtu mpaka useme mwenyewe."

Siku ya mahari ikafika. Uani wamekaa wageni kwenye viti vya plastiki, watu wa kanisa na soda zao, wazee na mtungi wa rubisi na mirija yake. Babu amevaa koti, fimbo katikati ya magoti. Mimi nimefungiwa jikoni na mashangazi, nimevishwa vitenge viwili na kufungwa kilemba mpaka masikio yanauma. Jiko lilelile. Ukuta uleule. Na kama kawaida yangu, nikaegemeza sikio.

Mshenga wao alikuwa na sauti nzuri. "Tumeona ua kwenu. Tuambieni, binti huyu ni nani?"

Mjomba, msemaji wetu, akajibu, "Ni binti wa hapahapa. Mtulivu, hana makuu, hana maneno."

Shangazi alinitazama akauma kanga asicheke. Mimi sikucheka.

"Tulisikia ana kazi ya kupiga kelele kwenye spika, huko kwa madereva."

"Ameshaacha," baba yangu akasema. Hivyo tu, kama mtu anayefunga mlango wa banda la kuku.

"Na ukoo wenu, asili yenu ni pande hizi?"

"Hapahapa. Tangu na tangu."

Nawaambia ukweli wangu: niliogopa. Si kuogopa kuolewa. Nilisikia mtu fulani anatengenezwa pale nje, kipande kwa kipande, mtulivu, hana maneno, ameshaacha, wa tangu na tangu, na kila kipande kilipowekwa mimi nilipungua. Walikuwa hawanitukani. Walikuwa wananisemea. Nikamwona yule wa kinyago cheupe amekaa katikati yao kwenye kiti cha plastiki, anapokea kwa adabu, anatafuna. Nikajua nikisema ile ndiyo moja niliyoagizwa, kesho nitapita mbele ya banda la bluu na mama mwenye sambusa hatanijua.

Nikaitwa. Mashangazi wakanitoa kwa vigelegele, nikapigishwa magoti kwenye mkeka. Mjomba akaniuliza, kama anavyoulizwa kila msichana wa kwetu, "Binti, wageni hawa unawafahamu? Tupokee mali yao?"

Jibu ni ndiyo, kwa sauti ya chini, macho mkekani. Nikainua macho. Nilimtafuta mwalimu. Nilisema moyoni, aniangalie tu. Akiinua uso wake akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia kwenye banda, nitajua kuna mtu mmoja hapa anayejua uongo huu ni uongo, na labda nitavumilia. Alikuwa anafuta kioo cha simu yake kwa kidole gumba. Alifuta, akafuta, akafuta.

Nikasimama.

"Kaa chini!" shangazi akaninong'oneza, akavuta kitenge. Nikamwachia kitenge abaki nacho.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Kabla sijajibu, mumjue mnayemuuliza."

Nikajitaja. Jina la ubatizo na jina la nyumbani, yote mawili, kwa sauti ile ninayotumia banda likiwa limejaa. Hapa siyaandiki, hayo nayatamka mwenyewe kwa mdomo.

"Mimi ndiye nisiyeomba njia! Binti wa mwanamke aliyelima shamba la mawe likamzalia maharage! Niliyemhamishia bwana wa Japani kwenye boma la Biharamulo na hajanidai nauli! Ninayewaliza madereva wenye mikono ya grisi, wakasingizia moshi! Nilijifunza kwa sikio, nyuma ya ukuta, nikimenya ndizi za waliokuwa wakipiga miayo! Mimi ni mjukuu wa aliyevuka mto maji yakimfika kidevuni, mkuki hakuulowesha! Alivuka, hakuota hapa kama uyoga! Na ile kazi ya spika sijaacha, na siachi!"

Hakuna aliyeitikia. Kwa nini waitikie? Baba alikuwa ameshika kichwa. Mama alikuwa analia bila kujificha. Mshenga alimtazama baba wa mwalimu, na baba wa mwalimu akaanza kutafuta kofia yake chini ya kiti. Mwalimu alikuwa ameinua uso sasa, sasa ndiyo, na uso wenyewe ulikuwa wa mtu aliyeachwa na basi.

Halafu fimbo ya babu ikagonga chini. Mara moja, kwa nguvu, rubisi ikatikisika mtungini.

Akanyanyuka. Nilijua ananijia kunipiga, nikakaza miguu nikasema moyoni, potelea mbali, anipige nikiwa nimesimama. Alipofika mbele yangu alikuwa anahema. Hakutafuta mbuzi. Aliniangalia mimi, usoni kabisa, mara ya kwanza tangu sijui lini.

"Umeruka mtu," akasema.

Sikuelewa. Nilikuwa nimesema yote kama alivyoyasema yeye.

"Mimi sikuvuka mto." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu alisikia, na wageni kofia mkononi. "Nilikuwa mtoto. Nilikuwa begani. Yale maji yalikuwa kidevuni kwa mama yangu. Aliyevuka ni yeye. Mkuki haukuwepo. Alichokuwa amekiinua kisilowe ni mimi."

Miaka yote hiyo, jioni zote zile nyuma ya ukuta, sikuwahi kumsikia akimtaja mama yake. Kwivuga ni baba kwa baba, mwanamke hana pa kuwekwa. Akamtaja. Akataja jina lake na kilima alikozaliwa, ng'ambo, mbele ya mshenga na watu wa kanisa na kila mtu aliyeambiwa tangu na tangu. Lilikuwa jina fupi. Mimi ni kitukuu chake na nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza.

Mimi wa spika, mimi wa kelele, nikatafuta neno nikapata moja tu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," akasema. Akanipa fimbo yake. "Sasa anza upya. Mweke. Na usisite."

Wageni walikuwa wameshafika kwenye uzio. Baadhi yao walisimama kusikiliza, mwalimu akiwa mmojawapo, na wengine wakaenda zao. Niligonga fimbo chini, nikaanza upya, na mama yake babu nikamweka wa kwanza.